Kilicholiwa na Kilichofyonzwa: Misingi ya Lishe na Mmeng'enyo wa Chakula

Lishe ni jumla ya hatua ambazo mwili huzipitia katika kupata chakula, kukivunja, kukifyonza na kukitumia kwa ajili ya nguvu, ukuaji na ukarabati wa tishu, ilhali mmeng'enyo ni sehemu moja tu ya hatua hizo, yaani ule uvunjaji wa chakula hadi kuwa chembe ndogo zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo. Darasani tofauti hii huonekana kuwa ya maneno tu, lakini wodini huamua mengi, kwa sababu chakula kilicholiwa si lazima kiwe chakula kilichofika mwilini. Kwa mtazamo wa fiziolojia, uwazi wote wa njia ya chakula, kuanzia mdomoni hadi kwenye tundu la haja kubwa, uko nje ya mwili, na kitu huhesabiwa kuwa kimeingia mwilini pale tu kinapovuka tabaka la seli za utumbo na kuingia katika damu au katika limfu, ambayo ni majimaji yanayopita katika mishipa yake yenyewe kabla ya kurudi kwenye damu. Kwa hiyo muuguzi anayeandika katika faili kwamba mgonjwa "amekula vizuri" ameandika nusu ya habari. Nusu iliyobaki imo katika kinyesi, uzito, ngozi na mzingo wa mkono wa mgonjwa huyo.

Vitu ambavyo mwili huvitafuta ndani ya chakula huitwa virutubishi. Vitatu kati yake, wanga, protini na mafuta, huhitajika kwa wingi na ndivyo vinavyotoa nishati, ambayo hupimwa kwa kilokalori: gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takribani kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta takribani 9, viwango vilivyotokana na kazi ya mkemia wa Marekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19 na ambavyo vingali vikitumika. Vitamini na madini huhitajika kwa kiasi kidogo sana na havitoi nishati, bali huziwezesha kemia za mwili kufanyika. Maji nayo, ingawa mara nyingi husahaulika katika orodha hii, ni kirutubishi ambacho kukikosa huua haraka kuliko kukosa kingine chochote.

Hesabu hizo za nishati zina maana zaidi zinapopelekwa kwenye kikombe cha uji. Mtoto wa miezi minane mwenye uzito wa kilo 8 ana tumbo linaloweza kupokea takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mililita 240 kwa mlo mmoja. Unga wa mahindi una takribani kilokalori 360 katika gramu 100, kwa hiyo uji mwepesi uliopikwa kwa gramu 50 za unga katika lita moja una kilokalori 180 kwa lita nzima, na kikombe kile kinachomjaza mtoto kinampa kilokalori 43 tu. Akipewa mara tatu kwa siku atapata zipatazo 130, ilhali mtoto wa umri huo anayenyonya vizuri huhitaji takribani 200 kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Mama hakumnyima mtoto chakula, wala mtoto hakukataa kula. Kilichokosekana ni nafasi ndani ya tumbo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, chenye kilokalori zipatazo 40, karibu huongeza maradufu nishati ya kikombe hicho bila kuongeza ujazo wake, na karanga zilizosagwa huleta mafuta pamoja na protini. Njia nyingine, ambayo bibi wengi waliijua kabla ya wataalamu wa lishe kuiandika, ni kimea: nafaka ikiloweshwa na kuachwa ichipue hutengeneza kimeng'enya cha amilesi, na unga wake ukitiwa kidogo katika uji mzito uliopoa kiasi, uji huo hulainika na kumiminika, hivyo mtoto hunywa unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Ushauri wa kliniki usemao "mpe mtoto uji" bila kutaja uzito wa uji wenyewe hauna faida kubwa.

Vimeng'enya, ambavyo kimea ni mfano wake wa jikoni, ni protini maalumu zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kutumika, na kila kimoja huvunja aina yake ya kirutubisho. Kazi huanza mdomoni, ambako meno husaga chakula na amilesi ya mate huanza kukata minyororo mirefu ya wanga, ingawa chakula hakikai hapo muda wa kutosha kwa kazi hiyo kwenda mbali. Kumeza ndilo jambo linalostahili kuangaliwa zaidi na muuguzi, kwa sababu umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, umepakana na njia ya hewa, na mgonjwa wa kiharusi ambaye misuli ya koo lake imelegea anaweza kupeleka uji mapafuni badala ya tumboni. Ndiyo maana uwezo wa kumeza hupimwa kabla ya kijiko cha kwanza, na mgonjwa hulishwa akiwa ameketishwa wima.

Mengi ya yale yaliyojulikana mapema kuhusu kazi ya tumbo yalitokana na ajali. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Amerika ya Kaskazini, kijana mfanyakazi wa biashara ya ngozi aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni, akapona, lakini kidonda chake kikaacha tundu lililofunguka moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi William Beaumont, aliyemtibu, alitumia miaka kadhaa kuingiza vipande vya chakula kwa uzi kupitia tundu hilo na kuvitoa tena kuvichunguza, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1833. Alithibitisha kwamba tumbo halisagi chakula tu bali hukiyeyusha kwa majimaji yenye asidi, na kwamba hasira ya mgonjwa huyo ilibadilisha hali ya tumbo lake. Uhusiano wa wawili hao, mtu maskini asiyejua kusoma na daktari aliyemlipa ili aendelee kumchunguza, hautajwi kwa urefu katika vitabu vya fiziolojia, ingawa ungefaa sana katika somo la maadili ya uuguzi.

Asidi hiyo ni asidi hidrokloriki, ambayo hushusha pH ya tumbo lenye njaa hadi kati ya 1.5 na 3.5. Huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, hulegeza protini, na huamsha pepsini, kimeng'enya kinachoanza kuzikata protini hizo. Seli zilezile zinazotoa asidi hutoa pia kiini kinachoitwa faktori ya ndani, ambacho bila hicho vitamini B12 haiwezi kufyonzwa ipasavyo mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ndiyo sababu mgonjwa aliyeondolewa tumbo kwa upasuaji hupata upungufu wa damu miaka kadhaa baadaye hata kama anakula nyama kila siku. Uasidi huo pia ni chombo cha kazi wodini: kabla ya kumlisha mgonjwa kwa mpira unaopita puani, majimaji kidogo huvutwa kwa bomba la sindano na kupimwa kwa karatasi ya pH, na kipimo cha 5.5 au chini yake hutoa uhakika kwamba ncha ya mpira iko tumboni wala si pafuni. Mgonjwa anayetumia omeprazo, dawa inayopunguza asidi, anaweza kuonyesha kipimo cha juu ingawa mpira uko mahali pake, kwa hiyo karatasi hiyo haisomwi bila kutazama orodha ya dawa.

Tumbo huachilia chakula kidogo kidogo, kwa kawaida katika muda wa saa mbili hadi nne, wanga ukitangulia na mafuta yakichelewa zaidi. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kumzuia mgonjwa wa upasuaji asile chakula kigumu kwa saa sita, huku akiruhusiwa maji matupu hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Kumfungisha mgonjwa tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili "kwa usalama" ni mazoea yaliyopitwa na wakati, na kwa mtoto mdogo yanaweza kushusha sukari ya damu kwa kiwango cha hatari.

Sehemu kubwa ya mmeng'enyo, na karibu ufyonzaji wote, hufanyika katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6. Mwanzoni mwake, katika duodeni, uji wenye asidi kutoka tumboni hukutana na majimaji mawili. Kongosho huleta bikaboneti inayopoza asidi, pamoja na vimeng'enya vya aina zote tatu: amilesi kwa wanga, tripsini na wenzake kwa protini, na lipesi kwa mafuta. Ini huleta nyongo, ambayo haina kimeng'enya cha kuvunja chakula bali huyatawanya mafuta kuwa matone madogo mno, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria iliyopikiwa samaki, ili lipesi iweze kuyafikia. Ukuta wa utumbo huu umejikunja mikunjo, juu ya mikunjo kumeota vichipukizi vyembamba viitwavyo vili, na juu ya kila seli ya vili kuna vinyweleo vidogo zaidi vyenye vimeng'enya vya kukamilisha kazi. Glukosi na asidi amino, ambazo ni mazao ya wanga na protini, huingia katika damu na kupitia kwanza kwenye ini. Mafuta mengi hupita katika limfu, yakibeba vitamini A, D, E na K. Kwa hiyo mgonjwa ambaye njia yake ya nyongo imeziba, mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi na kinyesi cheupe kama udongo wa mfinyanzi, hukosa vitamini K hata akila mboga za majani sahani nzima, na damu yake huchelewa kuganda mahali palipochomwa sindano.

Kiasi cha maji kinachopita katika utumbo kila siku huwashangaza wanafunzi wengi. Mtu mzima hunywa na kula maji yapatayo lita 2, lakini mate, majimaji ya tumbo, nyongo, majimaji ya kongosho na ya utumbo wenyewe huongeza takribani lita 7, na kati ya hizo lita 9 hutoka na kinyesi mililita 100 hadi 200 tu. Kuhara, kwa hesabu hiyo, si maji aliyoyanywa mgonjwa yanayotoka bali ni maji ya mwili wake mwenyewe ambayo utumbo umeshindwa kuyarudisha. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi na maji bila kukoma, lakini kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiuharibu. Mwaka 1960 mtaalamu wa baiokemia Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia katika seli za utumbo pamoja, kupitia kibebaji kimoja, na vinapoingia maji huvifuata. Ndiyo maana maji ya chumvi peke yake hayamsaidii sana anayehara, na maji ya sukari nyingi peke yake humzidishia, ilhali vyote viwili kwa uwiano sahihi humrudishia maji. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India baada ya dripu kumwishia, na vifo vya kipindupindu vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Pakiti ya ORS inayotumika tangu mwaka 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja ya maji, pamoja na potasiamu na sitreti. Mzazi anayemimina pakiti nzima katika nusu lita ili "dawa iwe kali" anaharibu uwiano huo, na kosa hilo huzuilika kwa kumwonyesha chupa ya lita moja badala ya kumtajia tu kipimo. Mtoto huongezewa vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita.

Kuhara kwa muda mrefu hukwangua vile vinyweleo vya juu ya vili, na pamoja navyo hutoweka kwa muda laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Kwa sehemu kubwa ya watu wazima duniani laktesi hupungua kwa kawaida baada ya utoto, lakini si kwa wote: utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, uliowahusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba jamii za wafugaji za Afrika Mashariki zina badiliko lao la kijenetiki linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na lile la Wazungu. Maziwa yaliyoganda, ambayo sehemu ya laktosi yake imeshaliwa na bakteria, huvumilika vizuri zaidi kwa wale wasio na badiliko hilo.

Hata utumbo ulio mzima haufyonzi kila kilichomo katika chakula, na hapa ndipo ushauri wa lishe unapopaswa kuwa wa jikoni zaidi. Madini chuma ya nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi, lakini yale ya mchicha, maharage na nafaka hutegemea sana kilicholiwa nayo katika mlo uleule: vitamini C ya chungwa, pera au maji ya ndimu huyasaidia, ilhali chai ya rangi huyafunga. Mjamzito anayemeza vidonge vyake vya madini chuma kwa kikombe cha chai ya asubuhi ametimiza agizo la kliniki na kupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Dona, ambayo huhifadhi kiini na pumba ya mahindi, ina vitamini na madini mengi kuliko sembe, lakini ina pia fitati nyingi, kemikali ya mbegu inayoshikilia chuma na zinki. Kulowesha, kuchipusha na kuchachusha nafaka, kama inavyofanyika katika togwa, hupunguza fitati hizo. Ubishi wa dona na sembe unaosikika mara kwa mara katika semina za lishe ungekuwa na maana zaidi kama ungeanzia kwenye namna ya kuandaa unga.

Mahindi yana kasoro nyingine inayohusu niasini, moja ya vitamini B, ambayo ndani yake imefungwa kwa namna isiyofyonzeka kwa urahisi. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990 waliishi kwa mgawo wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilipokosekana katika mgawo huo, zaidi ya watu 18,000 walipata pelagra, ugonjwa wa vidonda vya ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili. Muhogo mchungu nao huonyesha jinsi upungufu wa kirutubisho kimoja unavyoweza kugeuza chakula kuwa sumu. Muhogo huo una kemikali zinazotoa sianidi, na mwili huiondoa sianidi kwa kuiunganisha na salfa itokayo katika asidi amino za protini. Anayekula muhogo usioloweshwa vya kutosha huku akiwa hana samaki wala kunde hukosa salfa hiyo. Matokeo yake yanaweza kuwa konzo, ulemavu wa ghafla na wa kudumu wa miguu yote miwili, ulioelezwa kitabibu huko Kongo mwaka 1938 na kuonekana wilayani Tarime katika miaka ya 1980 wakati ukame ulipowalazimisha watu kufupisha siku za kuandaa makopa.

Kuhusu utumbo mpana inatosha kusema kwamba hukamua maji yaliyobaki, na kwamba bakteria wake hutafuna nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vya mwanadamu haviwezi kuzivunja, wakitoa asidi fupi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe.

Mambo haya yote hukutana kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 hali hiyo hutambuliwa kwa mzingo wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 11.5, au uzito ulio chini mno kwa kimo chake, au uvimbe wa miguu yote miwili. Uvimbe hupimwa kwa kubonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba kwa sekunde tatu: kibonyeo kikibaki baada ya kidole kuondolewa, mtoto ana kwashakoo, hata kama mashavu yake yamejaa na ndugu zake wanamwona mnene. Daktari Cicely Williams, aliyeieleza kitabibu hali hiyo akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930, aliihusisha na upungufu wa protini, lakini maelezo hayo hayatoshelezi tena, kwani watoto wawili wanaokula chungu kimoja wanaweza mmoja kukonda kwa marasmasi na mwenzake kuvimba.

Kosa la kwanza linalofanywa kwa huruma ni kumlisha mtoto huyo kwa wingi. Vili zake zimesinyaa, kongosho lake linatoa vimeng'enya vichache, na moyo wake umedhoofika. Wanga mwingi ukiingia kwa ghafla huamsha insulini, homoni inayosukuma glukosi ndani ya seli, nayo huvuta pamoja potasiamu na fosfati kutoka katika damu kiasi cha kuusimamisha moyo. Kwa hiyo matibabu huanza kwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 na chini ya gramu moja ya protini katika mililita 100, yanayotolewa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Vidonge vya madini chuma huahirishwa hadi mtoto aanze kuongezeka uzito, na akihara hupewa ReSoMal, yenye sodiamu kidogo na potasiamu zaidi, badala ya ORS ya kawaida, isipokuwa akiwa na kipindupindu. Hamu ya kula inaporudi na uvimbe unapoanza kupungua, ndipo huhamishiwa taratibu kwenye chakula dawa cha karanga au kwenye maziwa ya F-100.

Katika siku hizo za mwanzo uzito wa mtoto wa kwashakoo hushuka, kwa sababu maji ya uvimbe yanatoka kwa mkojo, na mama anayeona mstari wa kadi ukiteremka anaweza kutaka kuondoka wodini akiamini kwamba maziwa hayamfai mwanawe. Muuguzi humweleza sababu kabla ya mizani kusomwa, huandika kiwango cha uvimbe kando ya kila uzito, na huanza kuhesabu ongezeko kuanzia siku ambayo kibonyeo hakionekani tena.